Berlin Niliyoifundisha Vibaya

Kwa miaka mingi ya ualimu wangu nilifundisha uongo kuhusu mji wa Berlin. Sikuutunga mimi. Niliupokea kwa wengine, nikaukubali bila kuuhoji, nikauandika ubaoni kwa mkono wangu, nikautungia maswali ya mtihani na kuwapa alama walioukariri. Aliyeandika kinyume chake nilimkata alama. Sasa nimestaafu, na jambo hili limekataa kunitoka moyoni, kwa sababu wako watu wazima leo, baadhi yao walimu kama nilivyokuwa mimi, wanaoendelea kuamini nilichowaambia na kukirudia mbele ya watoto wa wenzao.

Uongo wenyewe ulikuwa huu: kwamba mwaka 1948 Wasovieti hawakuifungia njia Berlin Magharibi, kwamba habari za mji kuzingirwa na watu wake kulishwa kwa ndege zilipikwa na Wamarekani ili wapate kisingizio cha kuigawa Ujerumani na kuunda NATO. Niliyasema hayo kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia kwa macho yake. Kumbe nilikuwa nimesoma vijitabu vya upande mmoja tu, basi.

Nieleze hali ilivyokuwa. Sijitetei, ila kijana anayesoma leo hawezi kunielewa bila kuijua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika shule ya sekondari ya bweni, mbali na Dar es Salaam. Sabuni tuliipangia foleni, na madaftari yaligawiwa kwa kuhesabiwa. Vitabu vya historia ya dunia vilikuwa vichache, na vingi kati ya hivyo viliachwa na wakoloni, havimtaji Mwafrika ila kama mtu wa kutawaliwa. Vijitabu kutoka Moscow na Berlin Mashariki vilitufikia kwa bei ndogo, vingine bure kabisa, vimechapwa kwenye karatasi nzuri, na ndani yake Mwafrika aliitwa ndugu. Mtu akikuita ndugu huanzi kumkagua.

Tena mioyo yetu ilikuwa tayari kuamini. Ureno, iliyopigana na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, kwa miaka kumi ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO tangu 1949. Silaha za wapigania uhuru zilitoka kwa wingi katika nchi za kisoshalisti. Na Ujerumani yenyewe ilishatugusa mwilini. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ambayo ilikuja kujenga nyumba za maghorofa Unguja. Ukaja Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na mwaka 1965 serikali yetu ikairuhusu Ujerumani Mashariki kuwa na konseli kuu Dar es Salaam. Ujerumani Magharibi, yenye serikali yake Bonn, ikakasirika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akawajibu kwamba basi wachukue na msaada uliobaki. Sisi tuliolelewa na habari hiyo tulijivunia, na mpaka leo najivunia. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa Bonn ilitukosea mwaka 1965, basi Moscow haikumkosea mtu mwaka 1948.

Usiku tulisikiliza redio ya betri, masafa mafupi. Ujerumani zote mbili zilitangaza kwa Kiswahili: Sauti ya Ujerumani kutoka Cologne, na Redio Berlin ya Kimataifa kutoka Berlin Mashariki. Watangazaji wa pande zote walisema Kiswahili kizuri na walitusalimia kwa adabu, na kila upande ulikuwa na Berlin yake. Ningeweza kuzisikiliza zote mbili na kuzilinganisha. Betri ilikuwa ileile, na saa zenyewe hazikugongana kila siku. Nilisikiliza moja. Ile nyingine nilipoikuta njiani nilizungusha kitufe nikapita.

Sasa nimtaje mwanafunzi niliyemkosea, bila jina.

Katika mtihani wa majaribio wa Kidato cha Sita nilitoa swali juu ya chanzo cha kugawanyika kwa Ujerumani. Binti mmoja, mpole, ambaye mwandiko wake ulisomeka vizuri kuliko wa wote, aliandika kwamba Juni 1948 Wasovieti walifunga barabara, reli na mifereji ya kwenda Berlin Magharibi, na kwamba ndege za Marekani na Uingereza zilibeba makaa ya mawe na unga kwa karibu mwaka mzima. Nilipitisha kalamu nyekundu toka juu hadi chini ya aya hiyo, nikaandika sifuri.

Siku ya kurudisha karatasi alinyoosha mkono. Alisimama akasema, "Samahani mwalimu, hayo nilielezwa na babu yangu. Alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza huku kwetu, alipigana Burma. Anasema habari za Berlin walizisikia wakati ule ule, na wote waliorudi vitani waliingiwa na hofu, kwa sababu waliona vita inaanza upya na wao wataitwa tena."

Nilimjibu mbele ya darasa zima kwamba babu yake alikula mshahara wa Mwingereza, kwa hiyo alisema alichofundishwa na Mwingereza. Darasa likacheka. Binti akakaa. Hakuniuliza swali jingine hadi alipomaliza shule.

Sitafuti maneno ya kulipunguza jambo hili. Kumdhalilisha mzee wa mtu mbele ya wenzake ni kosa kwa mila zetu zote, na mwalimu akilifanya anawafundisha watoto kwamba kusoma ni ruhusa ya kuwadharau waliowazaa. Na liko la pili, ambalo nililiona baadaye sana. Mzee yule alikuwa na kitu ambacho hakimo katika kijitabu chochote cha Moscow wala cha London: hofu ya askari Mwafrika aliyerudi kijijini, ana jembe mkononi, anasikia habari za mji ambao hajawahi kuuona, na anawaza kama ataitwa kufa kwa ajili yake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Julai 1948 Marekani ilipeleka Uingereza ndege za B-29, za aina ile iliyoangusha mabomu ya atomu Hiroshima na Nagasaki. Ulimwengu ulikuwa karibu sana na vita. Mimi, mtu niliyejiita mwalimu wa historia, nililetewa ushahidi hai hadi mlangoni, nikaufanya kichekesho cha darasa. Wazee wa Burma wamekwisha kufa karibu wote. Swali nililopaswa kumuuliza mzee yule halina tena wa kulijibu.

Yaliyotokea ni haya. Vita ilipokwisha mwaka 1945, washindi wanne, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, waliigawa Ujerumani katika kanda nne. Berlin ilikuwa ndani kabisa ya kanda ya Kisovieti, kama kilomita 160 kutoka kanda za Magharibi, nayo pia ikagawanywa sehemu nne. Novemba 1945 waliandikiana mapatano ya njia tatu za angani za kuingia mjini, kila njia upana wa kilomita 32. Kuhusu barabara na reli hawakuandikiana chochote. Waliacha mambo kwenye maelewano ya mdomo, wakati ule wakiwa bado wanashikana mikono.

Mikono ikaachana upesi. Machi 1946 Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, alihutubia Fulton, Missouri, Rais Truman wa Marekani akiwa ameketi jukwaani, akashutumu kufungwa kwa Ulaya ya Mashariki. Machi 1947 Truman aliliomba Bunge lake dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki zisiangukie upande wa pili. Juni mwaka huohuo waziri wake wa mambo ya nje, Marshall, akatangaza mpango wa kuijenga Ulaya, ambao ulikuja kugharimu kama dola bilioni 13. Chekoslovakia ilikubali kwenda kuusikiliza, viongozi wake wakaitwa Moscow, wakarudi wamebadili jibu. Februari 1948 wakomunisti walishika madaraka yote Prague, na tarehe 10 Machi waziri wa mambo ya nje, Jan Masaryk, alikutwa amekufa chini ya dirisha la wizara yake. Habari ya Masaryk sikuifundisha hata siku moja. Vijitabu vyangu vilimruka, nami nikamruka.

Tarehe 24 Juni 1948 Wasovieti walizisimamisha treni za kwenda Berlin Magharibi. Sababu iliyotolewa ni matatizo ya kiufundi. Barabara zikafungwa, majahazi ya mferejini yakazuiwa, na umeme uliotoka kwenye mitambo ya upande wa Mashariki ukakatwa. Katika sehemu tatu za Magharibi waliishi watu zaidi ya milioni mbili, wana akiba ya chakula cha kama siku 36 na makaa ya siku 45.

Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipowanyima wanafunzi wangu elimu. Nilipokuja kusoma vitabu vya pande zote, kilichonishika hakikuwa hotuba za wakubwa. Ni chumvi. Mji wa watu milioni mbili lazima ule chumvi, na chumvi ikimwagika ndani ya ndege ya kawaida hula bati na nyaya zake. Waingereza wakaleta ndege za baharini aina ya Sunderland, zilizoundwa kustahimili maji ya bahari, zikawa zinatua juu ya maji ya Mto Havel, palepale mjini, hadi barafu ya Desemba ilipozizuia. Mkate haukubebwa, kwa sababu mkate una maji mengi ndani yake na uzito wa maji ni hasara angani. Walibeba unga, pamoja na makaa ya kuuokea. Viazi vilikaushwa kwanza. Maziwa na mayai yalikuja ya unga. Mzigo mkubwa kuliko yote, karibu theluthi mbili, ulikuwa makaa ya mawe, yamefungwa kwenye magunia, na vumbi lake liliingia kila mahali ndani ya ndege.

Umeme ulitolewa kwa saa chache tu kwa siku, kwa zamu za mitaa. Zamu ya mtaa ikiangukia usiku wa manane, mama wa nyumba aliamka saa hiyo kupika na kupiga pasi. Viwanja viwili vya ndege, Tempelhof na Gatow, havikutosha, wakajenga cha tatu, Tegel, katika sehemu ya Wafaransa. Maelfu ya wakazi walikijenga usiku na mchana, wengi wao wanawake, wakishindilia chini ya njia ya kurukia vifusi vya nyumba zao zilizobomolewa vitani. Walianza Agosti, na Novemba ndege zikaanza kutua. Baadhi ya marubani waliowaletea unga ni watu waliokuwa wakiupiga mabomu mji huohuo miaka mitatu tu kabla. Katika siku zenye shughuli nyingi ndege ilitua kila baada ya dakika chache. Hadi kazi inafungwa Septemba 1949, safari zilikuwa zaidi ya 270,000 na mzigo kama tani milioni 2.3. Watu 101 wanahesabiwa kuwa walikufa katika kazi hiyo, wakiwamo Waingereza 39 na Wamarekani 31. Wasovieti walizifungua njia tarehe 12 Mei 1949.

Hayo yote, chumvi, vifusi na maiti 101, mimi niliyaita propaganda.

Novemba 1989 ukuta wa Berlin ulibomoka, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani ikawa moja. Redio niliyokuwa nikiiamini ikanyamaza moja kwa moja. Ningependa kusema kwamba hapo nilitubu. Sikutubu. Niligeuka tu.

Hili ndilo kosa langu la pili, na pengine ni baya zaidi, kwa sababu safari hii vitabu vilikuwapo. Upepo wa miaka ya 1990 ulivuma kutoka Magharibi: vyama vingi, soko huria, vitabu vipya vya msaada. Nilifuta ubao wangu wa zamani nikaandika mwingine uleule, nimebadilisha majina tu. Sasa Stalin alifunga njia kwa roho mbaya, Wamarekani wakaja na ndege kwa roho nzuri, na rubani Gail Halvorsen aliwadondoshea watoto peremende zilizofungwa kwenye leso kama miavuli. Peremende zile ni za kweli, na ni jambo jema alilofanya. Lakini niliwafundisha watoto peremende, nikaacha kuwafundisha pesa.

Aliyenishtua ni mwalimu mwenzangu wa uchumi. Siku moja alipita dirishani nikifundisha, akasubiri kipindi kiishe, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, umesema Magharibi walitoa fedha mpya. Zile noti za zamani zilikwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeitaja fedha mpya kwa sentensi moja, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Swali lake likanirudisha maktaba, na safari hii nilisoma kwa nia ya kujua.

Reichsmark, fedha ya zamani, ilikuwa imekufa kabla ya kuzikwa. Watu walinunuliana siagi kwa sigara za Kimarekani. Wakati wa vita Marekani iliwakabidhi Wasovieti bamba za kuchapia noti za majeshi washirika, nao wakachapa kwa wingi kuwalipa askari wao mishahara waliyokuwa wakiidai. Noti zikajaa, bidhaa hakuna. Kuitengeneza fedha ilikuwa lazima, na wanne hao walishindwa kuelewana namna ya kuitengeneza. Tangu Februari hadi mwanzoni mwa Juni 1948, Marekani, Uingereza na Ufaransa, pamoja na Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, walikutana London kupanga kuunda nchi mpya ya Ujerumani katika kanda za Magharibi. Wasovieti hawakualikwa. Tarehe 20 Machi, Marshal Sokolovsky, mwakilishi wa Wasovieti, alitoka katika Baraza la Usimamizi la washindi wanne, na baraza hilo halikufanya kazi tena.

Noti mpya zilichapwa Marekani na kuletwa kwa siri. Jumapili, tarehe 20 Juni, wakazi wa kanda za Magharibi walipanga foleni, kila mmoja akapewa Deutsche Mark 40. Siku iliyofuata madirisha ya maduka yalikuwa na bidhaa zilizokuwa zimefichwa kwa miezi. Na zile noti za zamani? Magharibi zilikuwa zimegeuka karatasi. Mashariki, ng'ambo ya mstari, zilikuwa bado pesa halali. Mwenye gunia la noti alijua la kufanya: avuke, anunue chochote kilichopo. Kanda ya Kisovieti ilikuwa inakwenda kukombwa kwa karatasi zisizo na thamani. Wasovieti hawakuwa na noti mpya tayari, wakabandika stempu ndogo juu ya noti zilezile za zamani, na kuzitangaza tarehe 23 Juni kuwa fedha ya kanda yao na ya Berlin nzima. Magharibi wakakataa, wakaingiza mark yao katika sehemu zao za mji. Tarehe 24, njia zikafungwa.

Nilipoziweka tarehe hizi kwenye mstari mmoja nilikaa kimya. Kijitabu cha Moscow kilikuwa kimeniambia habari ya fedha, tena kwa kirefu, kikaficha kufungwa kwa njia. Vitabu nilivyovitumia baadaye vilieleza kufungwa kwa njia, vikaitaja fedha kwa haraka. Kila upande ulikuwa na tarehe zake unazozipenda.

Na yapo zaidi. Magharibi nao walijibu kwa kuzuia makaa na chuma visiende kanda ya Kisovieti. Kuzingirwa kwenyewe hakukuwa kamili: watu wa Berlin Magharibi walivuka kwa miguu na kwa treni za mjini kwenda upande wa pili, wakarudi na viazi na mboga mifukoni. Wasovieti walitangaza kuwa atakayejiandikisha upande wao atapewa chakula. Waliokwenda ni wachache. Wengine walichagua viazi vikavu na giza kuliko kuweka sahihi hapo, na Septemba 1948 maelfu kwa maelfu walisimama mbele ya jengo lililoungua la Bunge, wakimsikiliza Ernst Reuter, kiongozi wa mji wao, akiuomba ulimwengu usiwaache. Hao hawakulipwa na mtu kusimama pale.

Kuna jambo la vijitabu vyangu vya zamani ambalo silifuti. Viliniambia kwamba Wasovieti walipoteza watu wengi kuliko taifa lolote katika vita ile; hesabu inayokubalika leo ni kama milioni 27. Nchi iliyozika watu hao, na iliyovamiwa na Ujerumani mara mbili katika muda usiofika miaka thelathini, ilipoona Ujerumani mpya inajengwa London pasipo yenyewe kualikwa, iliogopa. Hofu ile ilikuwa ya kweli, na mwanafunzi asiyefundishwa hofu hiyo hataelewa lolote la miaka ile: wala Berlin, wala Prague, wala kwa nini Umoja wa Kisovieti ulikimbilia kulipua bomu lake la kwanza la atomu Agosti 1949.

Hata hivyo hukumu yangu naitoa, kwa kuwa mwalimu anayeeleza pande mbili kisha akanyamaza amekwepa kazi. Magharibi walivunja makubaliano ya kuitawala Ujerumani kwa pamoja, na walijua wanachokifanya. Stalin alijibu kwa kuwashika watu milioni mbili kwa matumbo yao na kwa baridi ya majira yajayo, wakiwamo watoto ambao hawakuchapa noti wala kuhudhuria mkutano wowote. Makosa hayo mawili hayalingani. Ugomvi wa fedha hutatuliwa mezani. Kumnyima mtoto makaa ya mawe ni jambo jingine kabisa. Nimefika hapo baada ya kusoma vitabu vya pande zote, na yule binti alifika hapo kabla yangu kwa kumsikiliza babu yake.

Kwake yeye, popote alipo: karatasi yako ilikuwa sahihi. Nakuomba radhi kwa alama niliyokunyima, na zaidi nakuomba radhi kwa maneno niliyosema juu ya babu yako. Alisema kweli. Nimejaribu kukutafuta kupitia wenzako wa darasa, sijakupata.

Lipo jambo la mwisho, nalo linawahusu walimu walioko kazini. Notisi zangu hazikubaki darasani. Wanafunzi walizinakili, wakawapa wadogo zao; baadaye zikapigwa chapa na kutolewa kopi kwenye maduka yaliyo jirani na shule, bila jina la aliyeziandika. Mwaka juzi niliziona kwa macho yangu, sentensi kwa sentensi, na makosa yangu ya tahajia yamo. Ziko za aina mbili, zile za miaka ya 1980 na zile za miaka ya 1990, na baadhi ya wauzaji wamezibana pamoja katika kitini kimoja, kwa hiyo ukurasa mmoja unasema njia hazikufungwa na mwingine unasema zilifungwa bila sababu.

Ukikutana na kitini hicho, usikifundishe. Kurasa zote mbili ni zangu na zote mbili ni mbovu. Mahali pake andika ubaoni tarehe tatu: 20 Juni 1948, fedha mpya Magharibi, 23 Juni, fedha mpya Mashariki, 24 Juni, njia zafungwa. Kisha ongeza ya nne, 12 Mei 1949, njia zafunguliwa. Waachie wanafunzi waseme wanachokiona. Na akinyoosha mkono mmoja wao akasema kwamba nyumbani kwao yuko mzee anayekumbuka, muulize anapoishi mzee huyo, uende ukamsikilize wiki hiyohiyo.